Tulifungua Vibonzo vya Mjerumani, Tukahangaika na Gazeti Lililovifunga

Watu wakisikia maktaba imeokota vibonzo vya kejeli vya enzi ya Mjerumani, swali lao la kwanza ni bei. Nimeulizwa na ndugu zangu, nimeulizwa na dereva wa bajaji, nimeulizwa na mkubwa mmoja wa ofisi ambaye tangu ahamie kwetu hajawahi kukanyaga stoo. Jibu langu ni lilelile: bei yake si ya kukufanya uache kazi, na wala si vibonzo hivyo vilivyonitoa jasho. Kilichonitoa jasho ni gazeti la Kiswahili ambalo mtu alilitumia kuvifungia.

Mimi ni mkutubi. Maktaba yetu iko katikati ya Dar es Salaam, upande ambao upepo wa bahari unaingia mpaka kwenye droo. Mzigo wenyewe ulikuwa juu ya kabati la chuma, tukauteremsha tulipokuwa tunawapisha mafundi wa paa. Kwa nje kadibodi na kamba ya katani. Chini ya kadibodi kurasa za gazeti, tabaka juu ya tabaka, zimekunjwa kwa ustadi wa mtu aliyezoea kufunga vitu. Ndani kabisa matoleo ya Simplicissimus, jarida la kejeli lililoanzishwa Munich mwaka 1896. Harufu ya naftalini ilitupiga usoni kabla hata hatujajua tunatazama nini.

Nianze na hao Wajerumani, maana nao wana lao. Jarida lile halikuwa la watu waoga. Mwaka 1898 lilimdhihaki Kaisari Wilhelm II kwa safari yake ya Palestina, na mchoraji wake mkubwa, Thomas Theodor Heine, akafungwa miezi 6 katika ngome ya Königstein kwa kosa la kumvunjia mfalme heshima. Alipotoka aliendelea kuchora. Katika mzigo wetu kulikuwa na toleo maalumu la makoloni la mwaka 1904, na humo mna kazi yake ambayo watu wa fani ya katuni wanaifahamu sana: mataifa manne ya Ulaya, kila moja na namna yake ya kutawala. Mjerumani amepanga twiga wakipiga gwaride la kijeshi, na mamba anavalishwa kizuizi cha mdomo asije akauma mtu nje ya utaratibu. Mwingereza amemwingiza mtu mweusi kwenye mashine anamkamua mpaka tone la mwisho, huku mmoja anamnywesha pombe na kasisi pembeni anamsomea Biblia. Mfaransa na askari wake wako kwenye mahaba. Mbelgiji anakula mtu.

Mwaka huo wa 1904 mji huu tunaoishi ndio uliokuwa makao makuu ya Ujerumani ya Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata vita vya Majimaji vililipuka katika vilima vya Wamatumbi. Ukiitazama karatasi ile ukiwa Dar es Salaam, kicheko kinakukwama. Mchoraji anawasuta wakubwa wake, hilo halina ubishi, lakini sisi wenyewe katuchora vikaragosi, hatuna sura ya mtu. Mwanafunzi wetu wa mafunzo kwa vitendo, binti mwenye ulimi, aliitazama kwa muda akasema: “Mama, huyu anatutetea au anatutukana?” Nikamwambia andika swali hilo hilo kwenye daftari la maelezo ya kitu, maana kila atakayeifungua baada yetu atauliza. Liko kule mpaka leo, kwa mwandiko wake.

Sasa hali yake. Karatasi ya magazeti na majarida ya kuanzia nusu ya pili ya karne ya 19 inatokana na miti iliyosagwa, utaalamu ulioanzia Saksonia katika miaka ya 1840 kwa Friedrich Gottlob Keller. Kabla ya hapo Ulaya ilitengeneza karatasi kwa matambara ya kitani na pamba, ndiyo sababu vibonzo vya kina James Gillray wa London, aliyefariki mwaka 1815, mara nyingi bado vinakunjika bila kukatika. Miti iliyosagwa inabaki na lignini, ile dutu inayoupa mti ugumu wake, na ndani ya karatasi hiyo hiyo viwandani walitia shabu ili wino usisambae. Shabu huleta asidi, asidi hukata nyuzi, joto na unyevu vikaongeza kasi. Kwa hiyo kibonzo kilichochapwa mwaka 1904 kinaweza kuwa mahututi kuliko cha mwaka 1804. Za kwetu kingo zilikuwa zinakatika kama krispi za muhogo. Pini za chuma katikati ya kurasa zilikuwa zimeota kutu, na kutu ile ilikuwa imekula karatasi pande zote mbili.

Hapo ndipo mvutano ulipoanza. Tulikuwa na karatasi ya Kijapani ya kuzibia michano, kidogo tu, zawadi ya mtafiti mmoja aliyepita. Ni karatasi nyembamba mno, nyuzi zake ndefu, inatokana na gome la mti uitwao kozo. Huipati Kariakoo. Mkubwa alitaka yote iende kwa Wajerumani: tutafanya maonesho, ubalozi utakuja, mambo ya Mjerumani yana wafadhili. Akanikumbusha kwamba hata kumbukumbu za Kijerumani zilizoko kwenye Nyaraka za Taifa ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Ni kweli, na ni fahari yetu. Ila zile ni nyaraka za utawala zilizoandikwa hapa hapa, kila jalada ni moja tu duniani. Jarida lililochapwa Munich kwa maelfu ni habari nyingine.

Nikamfungulia kompyuta. Simplicissimus yote, toka 1896 hadi 1944, Wajerumani wenyewe wameshaipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kuiweka kwenye intaneti bure. Ile karatasi ya twiga aliiona pale pale, safi kuliko ya kwetu. Kisha nikamwomba anitafutie zile kurasa za gazeti za kufungia. Alitafuta. Siku ile hatukuelewana, lakini karatasi ya Kijapani ilibaki mezani kwangu.

Jambo hili ndilo ningependa wenzangu wa maktaba ndogo walishike kabla ya brashi na gundi: uliza nani mwingine anacho. Uzee peke yake hautoshi kukuamulia, na lugha ya kigeni ndiyo kabisa. Wajerumani wetu tuliwapa huduma ya msingi tu. Tuliondoa pini zenye kutu kwa kuzikunjua taratibu kutoka nyuma, tukapangusa vumbi, tukaweka kila toleo kwenye bahasha ya plastiki ya poliesta, ile isiyotoa harufu, tukalaza ndani ya boksi. Basi. Nguvu zote zikaenda kwa gazeti.

Na gazeti lilikuwa hoi. Kurasa za kati ya mwaka 1979 na 1983, nyingi ni zile zenye vibonzo, maana nadhani mfungaji alichagua kurasa ambazo zilishasomwa na kuchekwa vya kutosha. Wa umri wangu tulikua na vibonzo vya Chakubanga wa gazeti la Uhuru, kisha jarida la Sani na akina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge. Vilisomwa vikaazimwa, vikatoka mikononi mwa jirani vikiwa havina jalada, mwisho vikafungia karanga. Hakuna aliyeona haja ya kuviweka, kwa kuwa vilikuwa kila mahali. Ndiyo maana leo ukivitafuta unavikuta kwa bahati.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuwaua wadudu bila kuua karatasi. Dawa ya kupulizia sikuitaka hata kuiona. Tulitumia friza, lile kubwa la kufunguka juu ambalo wauza samaki wanalo. Kurasa zinaingia kwenye mifuko ya nailoni miwili, hewa imetolewa na mdomo umezibwa barabara, zinalala kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Zikitoka, mfuko haufunguliwi mpaka siku ya pili, karatasi irudie joto la chumba kwanza. Ukifungua mapema, hewa ya Dar es Salaam inageuka maji juu ya ukurasa papo hapo. Na umeme ukikatika katikati ya zoezi, hesabu inaanza upya. Ulikatika.

Ukungu ulifuata. Hapa barakoa si ya kuonesha, na kulamba kidole ili ufunue ukurasa ni marufuku, kwa sababu stoo za zamani zilipigwa madawa ambayo siku hizi hayaruhusiwi tena. Ukungu mbichi ukiusugua unaupaka tu mahali pengine, unauzamisha kwenye nyuzi. Unauacha ukauke kabisa chumba chenye hewa, feni ikielekezwa ukutani, kisha unaufagia kwa brashi laini kuelekea nje ya ukurasa. Jua usijaribu. Jirani mmoja wa ofisini, kwa nia njema, alitushauri tuzianike kwenye ukuta wa nyuma kama tunavyoanika dagaa, na akaenda zake akishangaa wasomi wasiojua kukausha kitu. Jua lingezimaliza ndani ya siku chache, rangi na nguvu vyote kwa pamoja.

Kuhusu glavu: wageni wote wanataka kuniona nimevaa glavu nyeupe za pamba, kama kwenye televisheni. Kwa karatasi dhaifu glavu zinakuondolea hisia ya vidole, nyuzi za kitambaa zinanasa kwenye mchano na kuuongeza. Mikono iliyooshwa na kukaushwa vizuri inatosha. Mafuta ya nazi ya kupaka nywele tu ndiyo tulikatazana.

Gundi tulipika wenyewe. Wanga wa ngano, siyo unga mzima. Unga unaoshwa mpaka ule ute unaonata utoke na ubaki wanga mweupe uliotulia chini ya bakuli. Unaupika kwa moto mdogo ukikoroga mfululizo, unapita kwenye chujio mara kadhaa mpaka uwe laini usio na punje, unaupunguza kwa maji mpaka brashi iteleze. Mzee wetu, fundi mstaafu wa kujalidi vitabu tuliyemwomba arudi kutusaidia, alikuwa anauonja joto kwa mgongo wa mkono, kisha anaupima kwa kuudondosha kwenye kucha. Sifa kubwa ya gundi hii si kushika. Ni kuachia: maji kidogo, na kiraka kinatoka bila kudhuru chochote. Selotepu haina huruma hiyo. Kuna ukurasa ambao mtu aliwahi kuuziba kwa selotepu. Plastiki ilishadondoka zamani, lakini gundi yake ya kahawia imezama mpaka upande wa pili, na hapo hatuna la kufanya.

Nitaeleza mchano mmoja tu. Kibonzo cha foleni, na mchano umepita katikati ya mama mwenye kapu, toka kilemba mpaka kiunoni. Mzee alikilaza kwa uso chini juu ya karatasi inayofyonza, akazikutanisha kingo mbili kwa ncha ya kibanio. Hakukata kiraka kwa mkasi. Alichora mstari wa maji kwa brashi nyembamba juu ya karatasi ya Kijapani, akaivuta ikaachana yenyewe, pembezoni nyuzi zikabaki zimechomoza. Nyuzi hizo ndizo zinazoshika bila kuacha ukingo mkali utakaokata ukurasa baadaye. Gundi kidogo, kiraka, kitambaa cha marekani kilichofuliwa bila sabuni ya manukato, kioo kizito juu. Asubuhi mama yule alikuwa mzima tena, na ukimtazama kwa mbele huoni kitu.

Kabla ya tone lolote la maji tulijaribu wino. Wino wa kuchapia gazeti una mafuta, haujali maji. Lakini pembeni ya ukurasa mmoja mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino: sukari kilo 2, sabuni mche 1, viberiti. Pamba yenye unyevu ilipogusa nukta moja ya herufi, ikatoka na rangi ya zambarau. Ukurasa huo haukuonjeshwa maji. Kuna mwenzetu aliyesema tuufute mwandiko huo, unachafua kibonzo. Nilikataa, na ningekataa tena: ukurasa wa miaka ile ukiwa na mahitaji ya nyumba pembeni yake una mambo mengi kuliko ukurasa msafi.

Nusura tupoteze kila kitu kwa leminesheni. Mwenye steshenari mmoja alituahidi kuzifunika zote kwa bei ya jumla, “ziwe mpya kabisa, zikae milele”. Mkubwa alishapenda. Ni kweli vyeti vyetu wengi tumevifanyia hivyo. Lakini ile plastiki inabandikwa kwa joto na gundi, haitoki tena bila kuumiza karatasi, na asidi iliyomo inafungiwa ndani ikiendelea kula. Mzee ndiye aliyemaliza mjadala, kwa adabu zake. “Mkubwa, shikamoo. Tukishazifunga hivyo, siku moja akija mtu anayejua kazi kutuzidi, atazifunguaje?” Mkubwa akasema tusubiri bajeti ijayo. Tukashukuru.

Kiyoyozi nacho nilikuwa nakiamini kuliko kinavyostahili. Kama kinawaka usiku na mchana, vizuri. Ila kwetu kinazimwa saa za kazi zikiisha, kama ofisi nyingi zinavyofanya, na hapo chumba kilichopoa kinapokea hewa ya usiku yenye maji mengi. Kipima unyevu kilikuwa kinapanda na kushuka kila siku, na karatasi inavimba na kusinyaa nacho. Ukungu unaanza kujisikia nyumbani unyevu ukipita asilimia 65, kiwango ambacho mji wetu unakipita bila shida, masika ndiyo usiseme. Tulihamisha maboksi kwenye chumba cha ndani kisicho na ukuta wa nje, tukayainua kutoka sakafuni, tukayaacha mbali na ukuta ili hewa ipite na mchwa waonekane wakianza kujenga. Feni inazunguka polepole. Kipimo hakijafika nilipopataka, ila kimetulia.

Karatasi zikawa salama kiasi chake, na ndipo tukagundua vibonzo vyenyewe vinakufa kwa njia nyingine. Binti wa mafunzo alikuwa anaandika maelezo ya kila kimoja. Alifika kwenye mawe yamepangwa mstari mmoja mbele ya mlango wa duka, jiwe moja linamwambia mwenzake: “Wenye sisi wameenda wapi?” na la pili linajibu: “Wamekwenda kupanga foleni nyingine.” Aliandika: “Kibonzo kuhusu ujenzi wa barabara.” Na angejuaje? Hakukuwepo. Hajawahi kuamka alfajiri akaweka jiwe lake kwenye mstari wa duka la kaya, akaenda kwenye shughuli nyingine, na akarudi akakuta jiwe limeheshimiwa. Baada ya vita vya Kagera, bidhaa zikiwa adimu madukani, Mwalimu alituomba tufunge mkanda kwa miezi 18. Kwa binti huyu, kufunga mkanda ni kwenye gari.

Tangu hapo tulibadilisha utaratibu. Kila kibonzo kinatazamwa pamoja na mtu mzima aliyeishi miaka ile na kijana asiyeijua, kijana anauliza, tunarekodi kwa simu, kisha tunaandika. Tumemwita mzee wetu wa kujalidi, mama wa usafi aliyekaribia kustaafu, mlinzi, na mama lishe wa upande wa pili wa barabara. Wanajua vitu ambavyo haviko kwenye kitabu chochote rafuni kwetu: kwa nini mtu kuchorwa ameshika dawa ya meno kulichekesha, kwa nini mwenye kitambi alikuwa hahitaji maelezo, dada wa dukani alikuwa anafichaje khanga chini ya kaunta. Kazi hii haina gharama yoyote zaidi ya chai na chapati, na ni yenye haraka kuliko gundi. Karatasi ikitunzwa vizuri itasubiri miaka. Mama lishe ameshaniambia mwakani anarudi kwao Lindi.

Kilichotugonganisha vichwa zaidi ni kibonzo cha mwaka 1983, mwaka ambao Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na watu waliokuwa na mali za magendo wakawa wanazitupa usiku zisikutwe nyumbani. Jamaa yuko kwenye ngalawa, giza, anamwaga katoni za sabuni baharini, na samaki wamechomoza vichwa vimejaa povu. Binti alitaka kujua kwa nini mtu atupe sabuni nzima. Akaelezwa. Lakini jamaa ni nani? Mzee anasema ni mlanguzi, tazama kitambi na saa ya dhahabu. Mama wa usafi hakubali hata kidogo: mlanguzi gani anapanda ngalawa usiku na suti ya Kaunda yenye kalamu mfukoni? Huyo ni meneja wa duka la umma, anatupa sabuni ileile aliyokuwa akiwaambia watu haijafika. Wamebishana mpaka chai ikapoa, kila mmoja na ushahidi wa mtu aliyemjua mtaani kwake, Mzee wa Magomeni, Mama wa Keko. Kona yenye sahihi ya mchoraji ililiwa na mende, kwa hiyo hata wa kumuuliza hatuna. Tumeingiza maelezo yote mawili kwenye katalogi, moja chini ya lingine, na Mama ametaka lake liwe juu.